Maswali ya wasomaji: Tiba ya akili kwa maumivu ya mwili

Barua nyingi tulizopokea hivi karibuni zinahusu maumivu yasiyoisha, na hasa mashaka ya wagonjwa wanapoelekezwa kwenye tiba isiyo ya kidonge wala sindano. Tumechagua barua tano. Majina ya waandishi tumeyahifadhi, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu swali lake limo ndani ya karibu kila barua nyingine.

Daktari, salaam. Mimi ni fundi cherehani wa miaka 43. Mgongo ulianza kuniuma mwaka 2018 nilipoinua ndoo ya maji, na tangu hapo haujaniacha. Nilipigwa eksirei, kisha MRI, nikaambiwa diski mbili zimechomoza na pingili zimeanza kusagika. Nimemeza diclofenac hadi nikapata vidonda vya tumbo, nimevaa mkanda, nimechuliwa kwa kila aina ya mafuta. Januari, sare za shule zinapokuwa nyingi, hushona hadi usiku wa manane, kisha nikalala siku mbili bila kuinuka. Sasa daktari ameniandikia nikamwone mtaalamu wa saikolojia. Nilitoka pale nikilia. Anadhani ninaigiza? Diski inatibiwaje kwa maneno?
*Fundi wa sare, Morogoro*

Dada yangu, pole sana kwa miaka yote hiyo. Nianze na lile lililokutoa machozi: huigizi, na mtaalamu anayeijua kazi yake hatakutazama kwa jicho hilo. Ilipasa daktari aliyekuandikia rufaa akae nawe akueleze sababu, kwa kuwa rufaa ya namna hii ikitolewa bila maelezo humfanya mgonjwa ajione amefukuzwa kwa heshima. Hata hivyo rufaa yenyewe ni nzuri, na ningesikitika kama ungeitupa.

Maumivu yote, yawe ya jino, ya uchungu wa uzazi au ya mgongo, hukamilika katika ubongo. Mishipa ya fahamu iliyo mgongoni hupeleka taarifa tu kwamba pana jambo; ubongo ndio unaoamua uzito wa taarifa hiyo, kwa kuzingatia hofu uliyo nayo, usingizi ulioupata, mambo yaliyowahi kukupata na unachoamini kuhusu mwili wako. Ndiyo maana Chama cha Kimataifa cha Utafiti wa Maumivu, katika maelezo yake ya mwaka 1979 na hata yaliporekebishwa mwaka 2020, kinayataja maumivu kuwa ni hali ya mwili na ya hisia za moyoni kwa pamoja. Daktari wa Kimarekani Henry Beecher alilishuhudia hilo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kule Italia: alipowauliza askari waliojeruhiwa vibaya kama walitaka dawa ya maumivu, takriban robo tatu yao walisema hawahitaji, ingawa majeraha yao yalikuwa makubwa. Mwaka 1965 watafiti Ronald Melzack na Patrick Wall walipendekeza kwamba katika uti wa mgongo mna lango linaloweza kufunguliwa au kufungwa kwa amri zinazoshuka kutoka ubongoni, na ingawa baadhi ya vipengele vya nadharia yao vimesahihishwa baadaye, kiini chake kimebaki: ubongo una njia halisi, zenye kemikali zake, za kuzidisha au kupunguza maumivu.

Maumivu yanapopita miezi mitatu, kipindi ambacho wataalamu huanza kuyaita sugu, mara nyingi jeraha la awali huwa limekwisha kupona kadiri linavyoweza, lakini mfumo wa fahamu umebaki na wasiwasi. Hali yake ni kama ya mlinzi wa usiku ambaye nyumba yake iliwahi kuvunjwa: tangu siku hiyo hupuliza filimbi hata paka akipita juu ya bati. Filimbi hiyo ni ya kweli na inaamsha mtaa mzima, ila haimaanishi kwamba kila usiku kuna mwizi. Kumwona mtaalamu wa saikolojia ni kwenda kumzoeza upya mlinzi huyo, na jambo hilo haliwezekani kwa kumpa vidonge peke yake.

Sasa tuje kwenye picha yako ya MRI. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015, yaliyokusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo, yalionyesha kuwa karibu asilimia 30 ya wenye umri wa miaka 20 walikuwa na diski zilizochomoza, na wenye miaka 40, ambao ni rika lako, walifika nusu. Watu hao wanalima, wanabeba mizigo na kucheza mpira bila kujua. Sisemi kwamba diski zako hazihusiki kabisa. Nasema kwamba ile picha peke yake haitoshi kueleza miaka yote ya mateso. Na kuna jambo linanisikitisha sana katika kazi yetu: mgonjwa akishaambiwa "pingili zimesagika", hutoka akiamini kwamba kila akiinama anazisaga zaidi, na kuanzia hapo hujikinga. Huacha kuinama, huacha kubeba, hukaza misuli mchana kutwa. Misuli inayokazwa huchoka na kuuma, kiungo kisichotumiwa hudhoofika, na hofu iliyoletwa na maneno yale hugeuka kuwa sehemu ya ugonjwa.

Utakapofika kwa mtaalamu, huenda akatumia tiba ya utambuzi na tabia, ambayo ndiyo iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi. Hatakulaza kitandani akuulize utoto wako. Atataka kujua unafikiri nini maumivu yanapopanda, kwa mfano "sasa nitapooza", na mtapima pamoja kama ushahidi unaliunga mkono wazo hilo. Atauliza kuhusu usingizi, kwa sababu usiku mbaya huongeza maumivu ya kesho yake. Atauliza kuhusu deni, ugomvi na misiba, kwa kuwa mwili ulio katika msongo huwa macho muda wote. Zaidi ya yote, atataka kujua siku yako inakwendaje kuanzia alfajiri hadi unapolala, na hapo ndipo naona msaada wako mkubwa ulipo.

Umeeleza jambo muhimu sana bila kulikusudia: Januari unashona hadi usiku wa manane, kisha unalala siku mbili. Hiyo ni tabia inayoyalisha maumivu sugu kuliko kazi yenyewe. Siku ukijisikia nafuu unafidia kazi zote zilizolala, mwili unalipuka, unaanguka kitandani, na ubongo unapata somo kwamba cherehani ni adui. Tiba yake ni kugawa kazi kwa muda badala ya kuigawa kwa maumivu. Chunguza kwa siku kadhaa unaweza kukaa kwenye cherehani muda gani kabla mgongo haujapamba moto. Tuseme ni nusu saa. Basi anza na dakika 20, uinuke saa ikifika hata kama huumwi na hata kama imebaki kola moja tu kumaliza shati. Tembea hadi mlangoni, nyoosha mikono, kunywa maji, kisha urudi. Juma linalofuata ongeza dakika mbili au tatu. Siku mbaya usiende chini ya kiwango chako kwa hofu, na siku nzuri usikivuke kwa furaha. Hili la pili ndilo linalowashinda wengi, nami nakuomba ulichukulie kwa uzito kuliko yote niliyoandika hapa. Kwa wateja wa sare, anza kupokea oda mapema na uweke kikomo cha idadi kwa siku. Najua kwamba kukataa oda ni kukataa ada ya mtoto, na sikuambii kwa wepesi. Lakini siku mbili za kulala nazo ni hasara uliyokuwa ukiilipa bila kuiandika daftarini.

Kuhusu ndoo iliyoanzisha yote, usiikimbie maisha yako yote. Ukiongozwa na mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, anza kuinua kidumu cha lita tatu, urudie hadi mwili uache kushtuka, kisha lita tano, na kuendelea. Kila mara unapoinama na lile janga ulilolitarajia lisitokee, ubongo hupata ushahidi mpya, na ushahidi huo una nguvu kuliko maneno yangu au ya mtu mwingine.

Utauliza: inafanya kazi kweli? Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha watu wazima 342 wenye maumivu sugu ya mgongo. Baada ya wiki 26, asilimia 58 ya waliopata tiba ya utambuzi na tabia, na asilimia 61 ya waliofundishwa kutafakari kwa utulivu, walikuwa wamepata nafuu ya maana katika kufanya shughuli zao, wakati waliobaki na huduma za kawaida walikuwa asilimia 44. Tazama namba hizo kwa makini: nafuu ipo, ila tofauti si ya kimiujiza, na wapo ambao haikuwasaidia. Mapitio makubwa ya mwaka 2020 yalifikia hitimisho la namna hiyo hiyo, kwamba faida ni ndogo lakini ya kweli. Upo pia utafiti wa Colorado uliotoka mwaka 2022, wa watu 151, ambamo kundi moja la wagonjwa lilisaidiwa kuyaona maumivu ya mgongo kuwa ni kengele isiyo na hatari nyuma yake. Theluthi mbili ya waliopewa tiba hiyo waliimaliza wakiwa hawana maumivu au wakiwa nayo kidogo sana. Hayo ni matokeo ya kutia moyo sana, lakini ni utafiti mmoja, nami sipendi kumwahidi mgonjwa kile ambacho hakijathibitishwa mara nyingi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unazitaja tiba za kisaikolojia, mazoezi na elimu kwa mgonjwa miongoni mwa zinazofaa, na wala haupendekezi mikanda ya mgongo. Diclofenac, kwa mtu aliyekwisha kupata vidonda vya tumbo, zungumza na daktari kabla hujaimeza tena.

Kabla ya yote hayo hakikisha umechunguzwa ipasavyo. Ukiona ganzi kati ya mapaja, mkojo au choo kutoka au kuziba bila wewe kujua, miguu kuishiwa nguvu, homa za jioni na kutokwa jasho usiku, au kupungua uzito bila sababu, nenda hospitali mara moja. Katika nchi zetu kifua kikuu hushambulia uti wa mgongo pia, na kifua kikuu hakitibiwi kwa kupanga muda wa kushona. Maumivu yaliyoanza baada ya kuanguka vibaya, au kwa mtu aliyewahi kuwa na saratani, nayo yachunguzwe kwanza.

Daktari, binti yetu ana miaka 11 na ana ugonjwa wa seli mundu. Mifupa inapombana humpa dawa na maji, na yakizidi tunakimbia hospitali. Safari iliyopita muuguzi alimfundisha kupumua taratibu huku akimsimulia hadithi, akatulia hadi dripu ikawekwa. Mama mkwe wangu anasema tunamchezea mtoto badala ya kumtibu. Nani yuko sahihi?
*Mama wa binti, Mwanza*

Mama, huyo muuguzi ni hazina, na mkifika tena mwambieni hivyo. Kwa maumivu ya sindano kwa watoto, kuhamisha mawazo ni miongoni mwa njia zenye ushahidi mzuri kabisa: hadithi, mchezo, wimbo, kupuliza povu la sabuni kwa walio wadogo. Umakini wa ubongo una kikomo, na ukishikwa na jambo linalovutia kweli, taarifa za maumivu hupata nafasi ndogo. Sharti ni mtoto ashiriki. Usimsimulie tu huku yeye akikutazama; mwambie akuongoze, sungura ajifiche wapi, mto una rangi gani, nani anakuja nyuma. Binti wa miaka 11 anaweza pia kujijengea mahali pake pa kufikiria, kwa mfano ufukwe wa ziwa anaoupenda, akapaeleza harufu, upepo na sauti zake hadi apaone akiwa amefumba macho. Mfundisheni siku ambazo haumwi. Mtoto hawezi kujifunza jambo jipya huku mifupa inamwungua.

Hata hivyo wasiwasi wa bibi yake una msingi, na ningependa msiupuuze. Maumivu ya seli mundu hutokana na mishipa midogo ya damu kuziba na sehemu za mwili kukosa hewa, kwa hiyo mbinu hizi hutembea pamoja na dawa, maji ya kutosha na kujikinga na baridi. Hazichukui nafasi ya hata kimoja kati ya hivyo. Mtoto akitulia kwa hadithi haimaanishi kwamba maumivu yake yalikuwa madogo, na asinyimwe dawa kwa sababu ametulia. Akihitaji morfini hospitalini, apewe. Hofu kwamba mtoto atakuwa mtumwa wa dawa kwa sababu ya dozi za hospitali zinazosimamiwa vizuri imewatesa watoto wengi bila sababu. Ulizeni pia kliniki yenu kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza idadi ya vipindi vya maumivu, kama bado hajaanza kuitumia. Na akiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, weupe wa ghafla wa viganja na midomo, tumbo kuvimba upande wa kushoto, au udhaifu wa upande mmoja wa mwili, wekeni hadithi kando na mwondoke nyumbani saa hiyo hiyo, iwe mchana au usiku.

Neno moja zaidi: msimwambie "usilie". Mwambieni "najua inauma, tuko pamoja, sasa tupumue".

Daktari, nina miaka 52 na ninaendesha lori. Kifua hunibana nikipakia mizigo au nikipanda ngazi, na mkono wa kushoto hufa ganzi. Nimejifunza kwenye simu kuvuta pumzi ndefu, na nikikaa nikapumua hivyo, maumivu huondoka. Niendelee?
*Dereva, Dodoma*

Hapana, kaka. Hayo yana dalili zote za moyo unaokosa damu ya kutosha unapofanya kazi, na huenda yanaondoka kwa sababu umekaa, si kwa sababu ya pumzi. Nenda hospitali leo, uombe kipimo cha umeme wa moyo na upimwe shinikizo la damu na sukari, na usishike usukani hadi daktari akuruhusu. Yakikubana ukiwa umepumzika au yasipoondoka, hiyo ni dharura, na mtu mwingine akupeleke.

Assalaam aleikum, Daktari. Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka 67, nina maumivu ya magoti kwa muda mrefu. Mjukuu wangu aliye Uingereza ananihimiza nijifunze kutafakari. Nimesikia asili yake ni dini ya Kibudha. Je, kuna njia ambayo haitagusa imani yangu?
*Mwalimu mstaafu, Tanga*

Waaleikumu salaam, na shikamoo mwalimu wangu. Umesikia sawa kuhusu asili. Mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, katika hospitali ya Chuo Kikuu cha Massachusetts, alianzisha mafunzo kwa wagonjwa ambao dawa zilikuwa zimewashinda, akichukua mazoezi ya umakini kutoka mapokeo ya Kibudha na kuyaondolea ibada. Kinachobaki hospitalini ni zoezi la kuelekeza umakini kwenye pumzi na mwili bila kupambana na kinachohisiwa. Kama hilo linafaa kwa imani yako, muulize mwanazuoni unayemwamini. Mimi siwezi kulitolea hukumu, na wala sioni haja ya wewe kulazimika, kwa kuwa zipo njia nyingine zisizo na uhusiano na dini yoyote.

Mojawapo ni kulegeza misuli kwa zamu, ambayo daktari wa Kimarekani Edmund Jacobson aliieleza katika miaka ya 1920. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu yote ikiwa chini. Kunja ngumi za mikono yote miwili kwa muda wa pumzi mbili, ukiona jinsi mvutano unavyopanda hadi kwenye kiwiko, kisha achia ghafla na utulie kwa pumzi nne au tano, ukifuatilia mikono inavyozidi kuwa mizito. Nenda kwenye mabega: yapandishe karibu na masikio, yashikilie, yaachie. Halafu uso, tumbo, na mwisho miguu. Kwenye mapaja kaza kidogo tu, kwa sababu kukaza kwa nguvu huenda kukayachokoza magoti. Wengi hushangaa kugundua kwamba taya na mabega yao yalikuwa yamekazwa siku nzima kwa sababu ya maumivu yaliyo mbali kabisa na hapo.

Nyingine ni pumzi yenyewe. Weka kiganja juu ya kitovu, vuta hewa kwa pua ukihesabu hadi nne huku kiganja kikiinuka, toa taratibu ukihesabu hadi sita. Kutoa hewa kwa muda mrefu kuliko kuivuta hupunguza kasi ya moyo na kuuambia mwili kwamba hakuna hatari. Fanya kwa dakika kumi, asubuhi na kabla ya kulala. Ukisikia kizunguzungu, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida. Wapo wagonjwa wanaopenda kuambatanisha pumzi hiyo na dhikri, na wengine na sala za dini yao, na kitabibu sioni ubaya wowote.

Magoti ya umri wako yanahitaji pia kutembezwa. Ukiweza kumpata mtaalamu wa fiziotherapia, akufundishe mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja, maana hiyo ndiyo tiba yenye ushahidi mkubwa zaidi kwa magoti yaliyochakaa, na utulivu wa pumzi utakusaidia uyafanye bila woga. Kama sijda inakuumiza, kusali ukiwa kwenye kiti ni jambo ambalo bila shaka unalijua kuliko mimi. Nakuomba tu kwamba kiti hicho kisiwe sababu ya kuacha kutembea kwenda msikitini.

Hujambo Daktari. Mke wangu alipata ajali ya matatu miaka mitatu iliyopita na shingo na mabega vinamuuma hadi leo, ingawa vipimo viko sawa. Alikuwa akiuza chapati asubuhi. Mimi na wanangu tumemwondolea kazi zote, hata kikombe hatumwachii aoshe, na kila saa tunamuuliza anajisikiaje. Lakini anazidi kudhoofika na siku hizi haneni. Tunakosea wapi?
*Mume, Nakuru*

Ndugu yangu, mnampenda sana, na hilo linaonekana katika kila mstari. Ndiyo maana nitakueleza wazi jambo lililogunduliwa na Wilbert Fordyce, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington, Seattle, tangu miaka ya 1960 na 1970: familia inaweza bila kujua kuufunza mwili wa mgonjwa kuumwa. Kila akikunja uso anaambiwa alale; kila akijaribu kufanya jambo ananyang'anywa; na mazungumzo yote ya nyumbani yanaanza na shingo. Hafanyi kwa makusudi, wala ninyi hamfanyi kwa ubaya. Lakini ubongo unaoulizwa kila saa kama kuna hatari utaendelea kuitafuta, na mtu aliyeondolewa kazi zote ameondolewa pia kile kilichokuwa kikimfanya ajione mtu mbele ya majirani zake.

Dawa yake si kuwa wakali. Nalisisitiza hili kwa sababu nimeona waume waliosikia nusu ya ushauri wakaanza kusema "amka, huumwi", na dharau ya namna hiyo huongeza maumivu kuliko huruma iliyozidi. Kaeni naye, yeye akiwepo, mkubaliane. Ulizeni kazi ipi anaikosa zaidi. Ikiwa ni chapati, aanze na unga kidogo wa chapati nne za nyumbani, akande akiwa amekaa, apumzike kabla shingo haijapanda, na wewe ushughulikie jiko na kubeba sufuria zito. Wiki ijayo ziwe sita. Acheni kumuuliza kuhusu maumivu. Mwambieni kwamba atasema mwenyewe anapohitaji msaada, na akisema, msaidieni bila kelele. Mnapozungumza, zungumzeni naye kuhusu shule ya watoto, mvua, habari za kijijini kwao. Akimaliza zile chapati nne, kuleni pamoja na mshukuruni kwa chapati, si kwa kuvumilia.

Ila kunyamaza kwake kunanitia wasiwasi. Maumivu sugu na sonona huandamana mara nyingi, na kila kimoja hukizidisha kingine. Muulize kwa upole, mkiwa wawili tu, kama amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda, kama usingizi umemkimbia, na kama amewahi kufikiri kwamba ni afadhali asingekuwepo. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Akijibu ndiyo kwa hili la mwisho, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyo hiyo. Yakiwa ni yale mengine, mpeleke wiki hii kwa daktari mwelezeane yote mawili, shingo na huzuni, kwa sababu zipo dawa za sonona zinazopunguza pia baadhi ya maumivu ya namna yake, na wataalamu wa saikolojia wanaopatikana katika hospitali kubwa wanaweza kumsaidia yeye, na hata ninyi mkikaa naye katika chumba kimoja.